Nadharia Tete Kapa na Haki ya Mgonjwa

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema katika somo la mofolojia kwamba utupu nao una nafasi yake katika lugha. Neno "machungwa" lina kiambishi ma- kinachoashiria wingi. Neno "chungwa" halina kiambishi chochote mwanzoni, lakini wanaisimu hawakuridhika kulipita hivi hivi. Waliipa nafasi hiyo tupu jina, wakaiita mofimu kapa. Kwa kufanya hivyo walipata mahali pa kusimama ili waieleze tofauti iliyopo baina ya umoja na wingi. Fikra iyo hiyo, ya kuupa utupu nafasi ili kitu kipate kulinganishwa nao, ndiyo iliyo kitovu cha tafiti nyingi za kisayansi, zikiwemo zile zinazochunguza iwapo mazungumzo yanaweza kumponya mtu. Humo inaweza kuitwa nadharia tete kapa.

Ingewezekana pia kuiita nadharia tete batili, lakini jina hilo lina walakini. Kitu kilicho batili kimekwisha kuhukumiwa kabla ya kesi kusikizwa, ilhali nadharia hii huwekwa mbele ya mtafiti kwa dhati ili data iipinge ikiweza. Suala la istilahi hapa si la mapambo. Kadiri Kiswahili kinavyozidi kutumiwa kuwafikishia wananchi matokeo ya utafiti wa afya, ndivyo neno moja lililochaguliwa vibaya linavyoweza kumfanya mgonjwa aiache tiba inayomfaa, au aishikilie isiyomfaa.

Tiba ya mazungumzo, ambayo pia huitwa saikotherapia, ni ile ambayo mgonjwa na mtaalamu hukutana kwa vipindi vilivyopangwa na kwa utaratibu maalumu, wakazungumzia fikra, hisia na mahusiano yanayomtesa mgonjwa. Hutumiwa kutibu sonona, hofu iliyopita kiasi, na majeraha ya moyo yaliyoachwa na vita, ukatili au msiba. Mtafiti anayetaka kujua kama tiba hiyo inafaa huanza na kauli inayoweza kumuudhi mshauri nasaha yeyote: kwamba hakuna tofauti ya hali baina ya wanaopewa tiba na wasiopewa. Hiyo ndiyo nadharia tete kapa. Mtu aliyeketi miaka na miaka akivisikiliza vilio vya wenzake, akawaona wakiinuka, ana haki ya kuuliza ni kwa nini ushahidi wa macho yake unapokewa kwa ukanushi.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtaalamu si mwongo, ila mahali alipokaa hapamruhusu kuona yote. Kwanza, watu huenda kutafuta msaada hali zao zikiwa mbaya zaidi, na siku zilizo mbaya kupindukia kwa kawaida hufuatwa na zilizo nafuu kidogo hata pasipo tiba. Pili, maradhi mengi ya nafsi hupanda na kushuka kwa mkondo wake yenyewe. Tatu, aliyepona hurudi kushukuru, ilhali asiyepona huacha kuja, na kutokuwepo kwake hakuachi alama katika kumbukumbu za mtaalamu. Nne, mtu aliyepewa sikio na matumaini huweza kujisikia afadhali bila kujali mbinu iliyotumiwa. Mambo haya manne yakikutana huzaa picha ya mafanikio hata pale ambapo tiba yenyewe haikuongeza lolote.

Mnamo mwaka wa 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi London, aliliweka jambo hili hadharani kwa namna iliyowakasirisha wengi. Alizikusanya ripoti 24 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 7,000, akadai kwamba takribani thuluthi mbili ya watu wenye matatizo ya aina hiyo hupata nafuu katika muda wa miaka miwili hata wasipopewa tiba rasmi ya mazungumzo. Miongoni mwa waliotibiwa kwa mbinu mchanganyiko, waliopata nafuu walikuwa asilimia 64. Miongoni mwa waliotibiwa kwa uchanganuzi-nafsi walikuwa asilimia 44. Eysenck hakusema kwamba amethibitisha kuwa tiba haifai. Alisema kwamba takwimu zilizokuwepo zilishindwa kuonyesha kuwa inafaa. Kauli hizo mbili hazilingani, ingawa wengi waliomsoma, wafuasi na wapinzani, walizichukulia kuwa ni kauli moja.

Wakosoaji wake walikuwa na hoja nzito. Makundi aliyoyalinganisha hayakuwa ya watu waliofanana, na wagonjwa waliokatiza uchanganuzi-nafsi walihesabiwa pamoja na wale ambao hawakupata nafuu. Pamoja na dosari hizo, makala yake yaliacha deni ambalo halikuweza kukwepwa: anayedai kwamba tiba inaponya sharti aonyeshe jinsi mgonjwa angekuwa lau asingepewa tiba hiyo.

Deni hilo limelipwa mara nyingi tangu wakati huo, na mojawapo ya malipo yaliyo bora lilitoka Afrika Mashariki. Mnamo mwaka wa 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeathiriwa vibaya na UKIMWI. Watafiti hawakuanza na majina ya vitabuni. Walichunguza jinsi wenyeji wenyewe wanavyoyataja mateso yao, wakapata katika Kiganda majina mawili yaliyokaribiana na sonona: yo'kwekyawa, yaani hali ya mtu kujichukia, na okwekubazida, yaani hali ya mtu kujihurumia. Kisha vijiji viligawanywa kwa kura. Katika baadhi yavyo, wagonjwa walikutana katika vikundi mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Katika vijiji vingine, vilivyokuwa kundi linganishi, wagonjwa waliendelea na maisha yao wakiwa huru kutafuta msaada mwingine wowote.

Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi na asilimia 94 ya kundi linganishi walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa sonona kuu. Baada ya tiba, viwango hivyo vilikuwa asilimia 6.5 na asilimia 54.7. Inafaa msomaji aiangalie kwanza ile tarakimu ya mwisho. Karibu watu 40 katika kila 100 wa kundi linganishi walitoka katika sonona bila kuhudhuria kikao hata kimoja cha vikundi hivyo. Lau angetokea mtu akawauzia watu hao maji ya kisima kuwa dawa, angejipatia sifa tele na mashahidi wa kweli wa kumtetea. Kundi linganishi ndilo linalomnyima sifa hiyo. Ndilo pia linalowapa viongozi wa vikundi vya Masaka na Rakai sifa wanayostahili, kwa sababu tofauti baina ya 6.5 na 54.7 haiwezi kuelezwa kwa mkondo wa maradhi pekee.

Lakini je, haiwezi kuelezwa kwa bahati? Kura inaweza kuwaangusha upande mmoja watu waliokuwa tayari karibu kupona. Hapa ndipo takwimu huingia. Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, alilieleza swali hili kwa mfano wa chai katika kitabu chake The Design of Experiments cha mwaka wa 1935. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai ya maziwa anaweza kutambua kama kilichotangulia kutiwa kikombeni ni maziwa au ni chai. Mnywaji wa Kenya, anayeyachemsha maziwa na majani ya chai katika sufuria moja, huenda akaliona dai hilo kuwa la ajabu, lakini jaribio lenyewe ni rahisi. Huandaliwa vikombe 8, vinne vya kila aina, vikachanganywa, kisha mwonjaji akaombwa avichague vinne vilivyotangulia kutiwa maziwa. Nadharia tete kapa husema kwamba hana uwezo wowote, anabahatisha tu. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni njia moja tu iliyo sahihi kabisa. Kwa hiyo anayebahatisha atapatia vyote mara moja katika 70, ambayo ni asilimia 1.4 hivi. Akikosea kikombe kimoja tu, hoja yake hudhoofika mno, kwani anayebahatisha hupatia vikombe vitatu au zaidi mara 17 katika 70, karibu robo ya mara zote.

Kiwango hicho cha uwezekano ndicho kiitwacho thamani ya p. Hueleza ni mara ngapi matokeo yaliyopatikana, au yaliyo makali zaidi ya hayo, yangetokea endapo nadharia tete kapa ingekuwa kweli. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1925 Fisher alikiona kikomo cha mara moja katika 20, yaani 0.05, kuwa kinafaa kwa matumizi ya kawaida, na desturi hiyo imedumu. Katika utafiti wa Uganda thamani ya p ilikuwa chini ya 0.001. Bahati peke yake ingetoa tofauti kama ile chini ya mara moja katika 1,000.

Hadi hapo mantiki ni nyoofu. Upotoshaji huanza pale matokeo yanapotoka mikononi mwa mtafiti na kuvikwa maneno ya kawaida, nao hutokea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuigeuza sentensi. Kusema kwamba asiyejua chai angepatia vikombe vyote mara moja katika 70 si sawa na kusema kwamba uwezekano wa bibi huyu kuwa hajui ni moja katika 70. Kauli ya kwanza huanza kwa kuichukulia nadharia tete kapa kuwa kweli, kisha huuliza kuhusu data. Ya pili huanza na data, kisha hudai kujua ukweli wa nadharia. Thamani ya p haijibu swali la pili. Kulijibu kungehitaji pia kujua jinsi dai lenyewe lilivyokuwa la kuaminika kabla ya jaribio kufanywa.

Njia ya pili hutokana na neno "umuhimu". Matokeo yaliyoivuka chini ile 0.05 huelezwa katika Kiingereza kwa neno ambalo, likitafsiriwa upesi, huwa "muhimu". Ndivyo istilahi "umuhimu wa kitakwimu" inavyozaliwa. Lakini Mswahili akiambiwa jambo ni muhimu, hufahamu kwamba ni jambo lenye uzito, la kushughulikiwa, la kutolewa fedha. Takwimu haikusema hivyo. Chukulia mfano wa kipimo cha dhiki ya nafsi chenye alama 0 hadi 36, na tiba inayoipunguza dhiki kwa nusu ya alama moja tu. Tiba hiyo ikijaribiwa kwa watu 5,000 katika kila kundi, na alama za watu zikitofautiana kwa kiwango cha kawaida, thamani ya p itakuwa ndogo mno. Tofauti itakuwa imebainika pasi na shaka kubwa, na mgonjwa hatakuwa ameihisi. Shirika la wanatakwimu wa Marekani lilitoa tamko mwaka wa 2016 likikumbusha kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala uzito wa matokeo.

Ndiyo maana tafiti zilizo nzuri hutaja pia ukubwa wa athari. Mwaka wa 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa viungani mwa Nairobi na kuwahusisha wanawake 421, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walipewa vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa, ambao hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Wengine walielekezwa kwa huduma za kawaida za zahanati. Miezi mitatu baadaye, waliopata vikao walikuwa na dhiki pungufu kwa alama 3.3 hivi katika kipimo kama hicho cha alama 36. Kwa vigezo vilivyopendekezwa na mwanasaikolojia Jacob Cohen, ambavyo huihesabu 0.2 kuwa athari ndogo, 0.5 ya wastani na 0.8 kubwa, athari hiyo ilikuwa ya wastani. Kwa tiba ya vikao vitano, iliyotolewa na majirani, hilo si haba. Hata hivyo, alama 3.3 ni wastani wa kundi, na wastani haulali usingizi wala hauamki na hofu. Neil Jacobson na Paula Truax walipendekeza mwaka wa 1991 kwamba kila mgonjwa aulizwe maswali mawili: je, badiliko lake linazidi kosa la kawaida la kipimo, na je, ametoka katika safu ya wagonjwa na kuingia katika safu ya watu wazima wa afya? Maswali hayo huurudisha utafiti kwa mtu mmoja mmoja.

Njia ya tatu ya upotoshaji ndiyo hatari zaidi. Pale thamani ya p inapozidi 0.05, husemwa kwamba nadharia tete kapa imethibitishwa, na kwamba tiba haina tofauti na kutotibiwa. Kilichotokea ni kwamba nadharia hiyo haikukataliwa. Mshtakiwa anayeachiliwa kwa kukosekana ushahidi hajathibitishwa kuwa hana hatia. Mwaka wa 1989 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio kubwa lililogharimiwa na taasisi ya taifa ya afya ya akili. Wagonjwa 239 wenye sonona walianza tiba wakiwa katika makundi manne: tiba ya fikra na tabia, tiba ya mahusiano, dawa ya imipramini, na kidonge kisicho na dawa pamoja na uangalizi wa daktari. Hakukupatikana ushahidi kwamba moja ya tiba mbili za mazungumzo iliipiku nyingine, na kwa wagonjwa wote wakijumlishwa, ubora wa tiba hizo juu ya kidonge hicho ulikuwa hafifu. Walipotazamwa waliozidiwa na ugonjwa peke yao, tofauti baina ya makundi zilijitokeza.

Kila kundi lilikuwa na watu 60 hivi. Kwa idadi hiyo, tofauti ndogo ya kweli baina ya tiba mbili ina uwezekano wa chini ya nusu wa kugunduliwa. Ili athari ya 0.2 igunduliwe mara 8 katika 10, huhitajika takribani watu 400 katika kila kundi. Cohen alilionyesha tatizo hili mapema. Mwaka wa 1962 alizipima tafiti zilizochapishwa katika jarida moja la saikolojia kwa mwaka mzima, akakuta kwamba kwa wastani uwezo wao wa kuigundua athari ya kiasi cha wastani haukufika nusu. Mvuvi aliyetupa wavu wenye matundu mapana asiseme kwamba baharini hamna dagaa.

Kuna na ukimya wa aina nyingine. Mwaka wa 2015 watafiti walizifuatilia tafiti 55 za tiba ya mazungumzo kwa sonona zilizofadhiliwa na serikali ya Marekani kati ya mwaka wa 1972 na 2008. Matokeo ya 13 kati yazo hayakuwahi kuchapishwa. Data ya zile zilizofichama ilipotafutwa na kujumuishwa, makadirio ya athari ya tiba yalipungua kwa karibu robo. Tiba bado ilionekana kufaa, lakini kwa kiasi kidogo kuliko majarida yalivyokuwa yakieleza. Wagonjwa waliojitolea katika tafiti hizo 13 walitoa saa zao na siri zao, na kwa miaka mingi majibu yao hayakumfikia mtu.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa kuitafsiri ripoti ya aina hii anabeba basi jukumu zaidi ya la kutafuta visawe. Badala ya "umuhimu wa kitakwimu", neno "ubainifu wa kitakwimu" lingefaa zaidi, kwa kuwa husema kile tu kinachojulikana: kwamba tofauti imebainika kutoka kwa bahati. Neno "umuhimu" lingebaki kwa ajili ya swali jingine, la iwapo badiliko lina uzito katika maisha ya mtu. Na pale ambapo tofauti haikubainika, iandikwe hivyo hivyo, kwamba haikubainika, pamoja na idadi ya watu waliochunguzwa. Isiandikwe kwamba tofauti haipo.

Mama anayeketi kwenye benchi la zahanati akingoja kuitwa na mshauri nasaha hatazisoma hesabu za Fisher wala za Cohen, wala haihitajiki azisome. Ana haki ya kuambiwa mambo matatu kwa lugha anayoielewa: wenzake waliopata tiba hii walikuwaje wakilinganishwa na wasiopata, nafuu hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani, na ni watu wangapi waliochunguzwa hadi hilo likajulikana. Atakayempa majibu hayo huenda akawa muuguzi anayesoma karatasi iliyotafsiriwa na mwanafunzi asiyemjua, na uamuzi wake wa kurudi juma lijalo au kutorudi utategemea maneno yaliyomo katika karatasi hiyo.